Shela, hongo na kiwanja cha Nala: nguo ya bibi harusi katika historia ya Ugogo

Kila mwaka, mvua zikishakatika na mtama ukishaingia ghalani, Dodoma hugeuka kuwa jiji la harusi. Kuanzia Juni hadi Septemba, ukipita barabara yoyote kubwa Jumamosi alasiri utakutana na msafara wa magari yaliyofungwa utepe, matarumbeta yakiwa juu ya gari la mbele, na mpiga picha akiwa ametoa nusu ya mwili wake dirishani. Nyuma ya kila msafara kuna kamati, na nyuma ya kila kamati kuna miezi mitatu au minne ya vikao, kadi za michango na ujumbe wa simu unaoanza kwa maneno ya upole na kuishia kwa kukumbusha tarehe ya mwisho.

Nimekaa katika kamati za namna hiyo kwa miaka mingi, mara mbili nikiwa mweka hazina, na nimeona kwamba lipo neno moja ambalo likitamkwa hesabu hufungwa. Neno hilo ni heshima. Mjumbe akiuliza kwa nini mapambo yagharimu kiasi kile, hujibiwa kwamba ni heshima ya familia. Akiuliza kuhusu ukumbi, hujibiwa vivyo hivyo. Lakini hakuna mahali katika orodha ya matumizi ambapo neno hilo lina nguvu kama kwenye mstari wa shela. Bibi harusi mwenye heshima, tunaambiwa, huvaa shela jeupe, jipya, la kwake mwenyewe, ambalo halijawahi kugusa mwili wa mwingine. Kukodi ni kujishusha. Mtumba ni aibu ya ukoo mzima. Kisha husemwa, kwa sauti ya mtu anayewakumbusha vijana mila, kwamba ndivyo desturi yetu ilivyo. Hapo ndipo mwalimu wa historia hana budi kunyoosha mkono. Desturi ya nani, na tangu lini?

Tuanze na kitambaa chenyewe. Ufumaji wa pamba ulijulikana Ufipa na Unyamwezi kabla ya ukoloni. Ugogo, nchi ya mifugo na ukame, ngozi ndiyo iliyokuwa vazi la karibu, na kitambaa kilifika kikiwa mabegani mwa wapagazi. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikata katikati ya nchi hii. Msafara ukishaondoka Mpwapwa ulivuka Marenga Mkali, nyika yenye sifa mbaya kwa ukosefu wa maji, kisha ukaingia katika himaya za watemi waliojua vizuri thamani ya visima vyao. Hakuna aliyepita bila kulipa hongo, na hongo ililipwa kwa nguo: merikani, kaniki, na vitambaa vya rangi kutoka India na Arabuni, vikihesabiwa kwa mkono, shuka, doti na jora. Richard Burton alipita mwaka 1857. Henry Morton Stanley alipita Mvumi mwaka 1871. Wote wawili walijaza kurasa kwa manung'uniko juu ya hongo ya Ugogo, na wasomaji wao huko Ulaya waliamini kwamba Mgogo ni mnyang'anyi wa njiani. Ukiwasoma kwa utulivu unaona jambo jingine: ushuru wa kawaida wa nchi yenye maji machache na wageni wengi. Watumishi wa umma wanaonisoma watatabasamu kwamba neno lililokuwa ada halali ya njia sasa ni jina la kosa la jinai.

Na merikani? Wanafunzi wangu hushtuka kila mwaka ninapowaambia kwamba neno hilo ni Marekani tu, limevuliwa viatu. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa urafiki na biashara na serikali ya Marekani, na meli za bandari ya Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikaanza kushusha Unguja majora ya kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu, chenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Kilifumwa katika viwanda vya kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba hiyo, merikani iliadimika Unguja, na hatimaye viwanda vya Bombay vikaliteka soko. Lakini jina lilibaki, na kipimo kilibaki pia: mama anayenunua doti ya khanga leo katika soko la Majengo anatumia kipimo kilekile walichohesabiana watemi na viongozi wa misafara.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu linabomoa msingi wa hoja ya upya. Nguo ya Ugogo haikuwahi kuwa kitu cha mtu mmoja kinachotoka dukani kikiwa kimefungwa. Ilikuwa fedha. Ilipokewa kama hongo, ikagawiwa na mtemi kwa watu wake, ikabadilishwa kwa mbuzi au nafaka, ikavaliwa, ikapitishwa. Thamani yake ilipimwa kwa njia iliyopita na mikono iliyoipokea.

Ndoa yenyewe haikujengwa juu ya nguo. Ilijengwa juu ya mifugo. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyechapisha mwaka 1969 utafiti wake juu ya ng'ombe na undugu wa Wagogo, alionyesha jinsi mahari yalivyochangwa na ndugu wengi wa upande mmoja na kugawanywa kwa ndugu wengi wa upande wa pili, mjomba akiwa na fungu lake lisilosahaulika. Hii ndiyo kamati ya harusi ya asili, kama mtu anaitaka. Sitaki kuipaka sukari. Watu walidaiana ng'ombe kwa miaka, na kesi za mahari zilijaza mabaraza. Lakini kulikuwa na tofauti moja ambayo mhasibu yeyote ataielewa: ng'ombe huzaa. Shela halizai.

Sasa tuangalie weupe. Wengi huamini kwamba shela jeupe ni amri ya Biblia. Biblia haimwamrishi bibi harusi rangi ya nguo. Desturi hii ina mwaka wake wa kupata umaarufu: 10 Februari 1840, siku Malkia Victoria wa Uingereza alipofunga ndoa akiwa amevaa hariri nyeupe iliyopambwa lesi ya Honiton. Lesi ile aliichagua kwa makusudi ili kuwainua mafundi wa nchi yake, ambao kazi yao ilikuwa inauawa na mashine. Kabla yake wako waliovaa nyeupe, lakini wanawake wengi wa Ulaya waliolewa kwa gauni lao zuri kuliko yote, liwe la bluu, la kahawia au hata jeusi, kisha wakalivaa tena kanisani na misibani hadi lichakae. Gauni la siku moja lilikuwa anasa ya matajiri. Kwa hiyo kile tunachokiita desturi ya Kikristo kilianza kama mtindo wa ikulu, wenye sera ya viwanda ndani yake.

Mtindo huo ulifika kwetu kwa miguu ya wamisionari. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870 na kufungua Mvumi mwaka 1900. Reli ya kati ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, na pamoja na reli wakaja wenye maduka wa Kihindi, na vibarazani mwa maduka hayo wakakaa mafundi na vyerehani vyao. Misheni ilitaka bibi harusi aingie kanisani na nguo nyeupe. Haikusema nguo hiyo iwe ya nani.

Bibi yangu mzaa mama alifunga ndoa katika vijiji vya Mvumi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na alinisimulia habari zake mara nyingi, hasa alipokuwa ameudhiwa na gharama za harusi za wajukuu. Nguo aliyovaa ilikuwa ya bafta, imeshonwa pana kwa makusudi, na ilikazwa kiunoni kwa mshipi. Ilikaa kwa mke wa mwalimu wa kanisa, ndani ya sanduku la bati lililowekwa majani ya mwarobaini ili nondo wasiiguse. Binti akitangazwa, alikwenda kuichukua. Harusi ikiisha, aliifua, akaipiga pasi ya mkaa, akairudisha. Bibi hakukumbuka waliomtangulia walikuwa wangapi. Alikumbuka kwamba pindo lilikuwa limetiwa viraka viwili upande wa nyuma, na kwamba aliyemfuata alikuwa mfupi, wakalazimika kulipandisha. Asubuhi ya pili alivaa kaniki mpya aliyopewa na mama mkwe wake, na hiyo ndiyo nguo aliyoiita, mpaka anafariki, nguo yangu ya harusi. Ile nyeupe aliiita nguo ya kanisa. Sijapata kusikia mgawanyo ulio wazi kuliko huo: moja ni sare ya ibada, nyingine ni alama ya kupokelewa nyumbani.

Na wala tusidhani kuazimana nguo ni jambo la Waafrika maskini tu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nguo ziligawiwa kwa kuponi Uingereza kuanzia mwaka 1941, na mabibi harusi wa huko waliazimana magauni, wakatumia mapazia na hata hariri ya miavuli ya anga. Elizabeth, binti mfalme, alipoolewa Novemba 1947 ilibidi naye atumie kuponi kwa gauni lake, akiongezewa kidogo na serikali. Wananchi waliomtumia kuponi zao walirudishiwa, kwa kuwa sheria haikuruhusu kupeana. Mwaka huohuo, uhaba huohuo wa Uingereza, safari hii wa mafuta ya kula, uliileta Kongwa matrekta ya mradi wa karanga. Mradi ule ulikufa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Kila nipitapo Kongwa huwaza kwamba nyanda hizi zimebeba dhiki nyingi za watu wa mbali, na kwamba dhiki hizo hazikuwahi kuwaonea aibu waliokuwa nazo.

Uhuru ulileta ndoto ya kujivika wenyewe. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Mwatex cha Mwanza kikaanza katika kipindi hichohicho. Mwaka huo pia Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua kama mabaki ya utumwa wa kifikra. Shela halikuwa kwenye orodha. Vazi la kigeni kuliko yote, lililoingia nchini kwa mlango wa misheni na kwa mfano wa malkia, lilipita katikati ya operesheni bila hata kusimamishwa. Huenda ni kwa sababu lilikuwa limekwisha kuitwa desturi.

Sheria nayo ilikuwa na busara kuliko kamati zetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba kutotimiza mila za mahari au za kupeana zawadi hakubatilishi ndoa. Kuhusu mavazi haisemi neno. Unaweza kufunga ndoa bomani kwa Mkuu wa Wilaya ukiwa umevaa kitenge, na cheti chako kikawa na nguvu ileile.

Kisha ikaja dhiki ya mwanzo wa miaka ya 1980. Wasomaji wa rika langu watakumbuka, kwa kusimuliwa au kwa kuona, foleni za sabuni, sukari na khanga katika maduka ya ushirika, na ile kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi. Nguo za kutoka nje zilizokwisha kuvaliwa ziliingia kwa njia za vichochoro, zikauzwa kwa minong'ono, zikiitwa kafa ulaya. Jina hilo linabeba hofu yote ya wakati ule: mwenye nguo amekufa huko Ulaya, na wewe unavaa marehemu. Baada ya bajeti ya Juni 1984 kulegeza masharti ya uagizaji, na Mzee Mwinyi kuingia madarakani mwaka uliofuata, kafa ulaya ilitoka vichochoroni ikaja juani, ikabadilishwa jina. Ikawa mtumba, yaani furushi tu. Marehemu akasahaulika.

Ndani ya mafurushi hayo, kwa mara ya kwanza, walikuja mashela. Nadhani historia yetu ya kijamii haijalipa jambo hili uzito unaostahili. Gauni la harusi la hariri bandia, lenye lesi na mkia wa mita mbili, ambalo fundi wa Dodoma asingepata kitambaa chake kwa bei yoyote, lilitoka ndani ya belo pamoja na mashuka na mapazia. Wafanyabiashara wajanja, wengi wao wanawake, waliyachambua, wakayafua, wakayatundika kwenye fremu za maduka na kuyakodisha. Hivyo shela ambalo leo linatakiwa liwe jipya ili liwe na heshima lilienea katika miji ya bara kupitia mtumba na ukodishaji. Bila vitu hivyo viwili, vinavyodharauliwa vikaoni, wengi wa mama zetu wadogo wasingelivaa kabisa.

Mtumba nao una siasa yake. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuuondoa hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vya ndani. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo hizo huko Marekani kiliwasilisha malalamiko serikalini kwao, na nchi zetu zikaambiwa kwamba nafasi ya kuuza bidhaa Marekani bila ushuru kupitia AGOA ilikuwa hatarini. Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi mwaka 2018. Ukiuweka mkataba wa 1833 kando ya barua za 2017 utaona mstari mmoja ulionyooka: tumelipwa na kufundishwa kwa nguo za nchi ileile kwa karibu karne mbili, kwanza zikiwa mpya na ngumu, sasa zikiwa laini na zimevaliwa. Mimi ni muumini wa viwanda vya ndani, na sipendi kuona pamba ya Shinyanga ikisafirishwa ghafi. Lakini mzigo wa sera iliyoshindikana katika meza za wakubwa hauwezi kutuliwa kichwani mwa binti mmoja wa miaka 27 anayetaka kuolewa.

Binti huyo yupo. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya ya Chamwino. Mchumba wake ni mtumishi wa halmashauri. Wawili hao wamekuwa wakilipia kwa awamu kiwanja kidogo upande wa Nala, na tangu serikali ilipotangaza Julai 2016 kuhamia Dodoma, kila mwenye kusoma makala haya anajua viwanja vimekuwa kitu gani hapa. Awamu ya mwisho ilikuwa imebaki, na tarehe ya kulipa iliangukia wiki tatu kabla ya harusi. Upande wa bwana harusi ulileta bahasha ya shela yenye shilingi 400,000. Kamati yetu ikaona ni ndogo. Ikapendekezwa kwamba binti aongezee mwenyewe, akope kwenye mshahara, apande treni ya mwendokasi mpaka Dar es Salaam, akachague shela Kariakoo. Mjumbe mmoja, mtu wa utumishi, akapiga hesabu papo hapo kuona kama makato yake bado yatamwachia ile theluthi moja ya mshahara inayotakiwa na kanuni. Yangemwachia, kwa shilingi elfu chache. Kikao kikafurahi. Binti hakusema kitu.

Jumamosi iliyofuata aliniomba nimsindikize mjini. Tulianza na duka la mashela mapya. Bei ya chini kabisa ilikuwa 900,000, na muuzaji, bila kuulizwa, alituambia kwamba wateja wake wengi humrudishia wiki ya pili wakimwomba awasaidie kuyauza. Tukaenda kwa mkodishaji. Hapa palikuwa na elimu ya kutosha somo zima la uchumi. Shela la kukodi lilikuwa 250,000 kwa siku mbili, pamoja na dhamana ya kuacha na kitambulisho. Mgongoni halina zipu. Lina matundu na kamba kama kiatu, ili likaze mwembamba na kumwachia mnene. Bei hupanda msimu wa mavuno na kushuka mvua zinapoanza. Na kuna faini ya vumbi. Nilidhani ni utani, lakini imeandikwa kwenye karatasi ya mkataba: pindo likirudi na udongo mwekundu, mteja atakatwa sehemu ya dhamana. Katika jiji ambalo upepo wa Agosti huokota udongo wote wa Ugogo na kuubwaga kwenye mlango wa kanisa, faini hiyo ni kodi isiyokwepeka.

Mwishowe tukaingia kwenye mtumba, kwa mama mmoja anayejulikana kwa kuchambua magauni. Alikuwa nayo manne. Mpwa wangu aliyapitia kwa mikono ya mtu anayesahihisha madaftari, akigeuza mshono ndani nje, akitazama makwapa, akinusa. La tatu lilikuwa zito, la satini, na doa dogo la kijani kwenye mkia, kama la majani. Lebo ilionyesha lilishonwa China. Wapi lilikovaliwa hakuna aliyejua, ila aliyelivaa alikuwa mrefu.

"Mjomba, mkia huu tukiukata unatoa mikono miwili," aliniambia. "Mchungaji hataki mabega wazi. Na doa linaondoka na kipande."

"Na shangazi zako?" nikamuuliza.

"Shangazi watasema, mjomba. Hata likiwa jipya watasema."

Akalipata kwa 75,000 baada ya mabishano marefu na ya adabu. Fundi tuliyempelekea, mzee anayeshona kwenye kibaraza cha duka tangu nikiwa mwanafunzi wa sekondari, alilizungusha gauni mara mbili, akapitisha kidole kwenye lesi, akasema aliyelishona anaijua kazi. Kwa mikono, kupunguza urefu na kubana kiuno alitaka 55,000. Jumla 130,000. Zilizobaki katika bahasha zilikuwa 270,000, na sehemu kubwa ya awamu ya kiwanja ilikuwa imepatikana bila mkopo.

Jambo hili lilipofikishwa kikaoni lilizua moto. Shangazi mkubwa wa binti, mwanamke ninayemheshimu na ambaye bila yeye harusi nyingi za ukoo huo zingevunjika, alisema mtumba haupandi madhabahuni. Wapo waliosema tutachekwa na upande wa pili. Kijana mmoja, mwanaharakati wa mazingira, akaanza kueleza habari za taka za nguo duniani, akanyamazishwa mapema. Nilimwonea huruma, ingawa kwa kweli hapakuwa mahali pake. Nilipopewa nafasi sikuzungumzia Burton wala Malkia Victoria. Nilisema kwamba kwa mila ya Kigogo mjomba ana fungu katika mahari, na kwamba mwenye fungu ana haki ya kuuliza swali. Kisha nikamgeukia dada yangu, nikamwomba awaambie wajumbe nguo aliyoolewa nayo yeye mwaka 1996 aliipata wapi.

Picha ya harusi ile inaning'inia sebuleni kwa shangazi mkubwa. Amewahi kuionyesha kwa wageni kama mfano wa jinsi bibi harusi wa zamani walivyokuwa wakipendeza. Dada yangu alisita kidogo, akatazama chini, kisha akasema: Majengo, kwenye mtumba, shilingi 8,000, na marehemu mama ndiye aliyelifua.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa tena. "Wifi, miaka yote hii," alisema. Baadaye kidogo akauliza kama fundi anaweza kuuacha mkia angalau nusu, kwa ajili ya picha. Tukampigia simu. Akasema inawezekana, mikono itakuwa mifupi kidogo.

Katibu akaandika kwenye muhtasari: mavazi ya bibi harusi, 130,000, salio la bahasha lirudishwe kwa maharusi. Tukahamia ajenda ya keki, ambayo ilichukua saa mbili.